Mlaze mtoto, umtoe jua likipoa: siku zetu Mji Mkongwe na watoto wawili

Saa sita na nusu mchana, siku ya pili ya safari, nilikuwa nimesimama kwenye kichochoro cha Kiponda, Unguja, binti yangu mgongoni amelegea kwa joto, kaka yake ameketi chini amegoma kutembea. Maduka yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine. Chupa ya maji ilikuwa tupu. Mkobani nilikuwa na karatasi niliyoiandika kwa wiki nzima nikiwa nyumbani Morogoro, yenye sehemu kumi na moja za kutembelea, na asubuhi ile tulikuwa tumefika mbili tu. Naandika haya kwa ajili ya mzazi ambaye sasa hivi anaandika karatasi kama ile.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mume wangu ni fundi umeme. Mkubwa wetu alikuwa na miaka saba, na mdogo, binti, alikuwa ametimiza mitatu mwezi uleule. Tuliweka akiba miezi minane tukafikisha laki tisa na nusu. Nilitaka sana watoto waone Mji Mkongwe, mji ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na ambao nimekuwa nikiusimulia darasani miaka nenda rudi bila kuukanyaga. Tukachagua likizo ya Juni kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo.

Juni ni mwezi wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini. Neno hilo nilikuwa nalijua vitabuni tu. Treni ya SGR ilitufikisha Dar es Salaam chini ya saa mbili, watoto wamechangamka, na kwa kuwa tulichukua boti ya mchana tulikuwa na muda wa kula bandarini. Niliwanunulia chipsi mayai. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Boti ilipotoka kwenye mlango wa bandari na kukutana na mawimbi, mkubwa alitapika kwanza, kisha mdogo, kisha mimi. Tulikuwa tumekaa juu, mbele kabisa, ili watoto waone bahari. Mama mmoja wa kiti cha jirani alimchukua binti yangu bila kuuliza, akamkalisha upande wa upepo, akampa kipande cha tangawizi akinyonye na kumfuta uso kwa maji. Aliniambia mambo ambayo sasa namwambia kila anayenisikiliza: na watoto panda boti ya asubuhi, upepo bado haujaamka, kaeni sehemu ya chini, katikati au nyuma, pasiporuka sana, mtoto ale mkate mkavu na si mafuta, na uwe na mifuko mingi ya kutapikia na nguo moja ya kubadilisha juu kabisa ya begi, si chini. Mimi nguo za watoto nilikuwa nimezifunga kwenye sanduku lililopelekwa kwenye mizigo. Walikaa na nguo mbichi karibu saa mbili nzima.

Jambo jingine kuhusu boti: nunueni tiketi dirishani, si kwa mtu anayewafuata barabarani, na msiache vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nauli ya mtoto ni pungufu, lakini lazima umri wake uonekane.

Tulifika bandari ya Malindi, hapo hapo Unguja, tumechoka, na hapo nikakutana na kosa la pili, ambalo nilikuwa nalo mkononi tangu nyumbani. Nilikuwa nimeazima kigari cha mtoto. Mji Mkongwe haukujengwa kwa magurudumu. Vichochoro vingine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, njia ina mawe yaliyoinuka na mifereji, na kila baada ya dakika pikipiki au vespa inapita na lazima ujibanze ukutani. Kigari kilikunjwa jioni ile na hakikufunguliwa tena mpaka Morogoro. Binti alibebwa kwa kanga siku zote. Mwenye mtoto wa chini ya miaka minne abebe kanga imara mbili, moja ya kubebea na moja ya kumfunika akilala popote. Sanduku la magurudumu nalo lilinigharimu shilingi elfu kumi kwa mchukuzi, mwendo wa dakika saba, kwa sababu sikuuliza bei kabla hajalitia begani.

Nyumba ya wageni tuliyokodi ilikuwa ya elfu themanini kwa usiku, safi, yenye kitanda kikubwa cha nakshi na chandarua. Ila chumba kilikuwa ghorofa ya tatu. Nyumba za zamani za pale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, kuta nene, na ngazi zake zimesimama wima kweli, vipandio vifupi. Nyingi zina uwazi katikati, kuanzia chini mpaka juu, kwa ajili ya hewa. Nilipochungulia kwenye uwazi ule nikaona ukingo unamfika mkubwa wangu kifuani, moyo ulinipasuka. Usiku wote nililala nimeweka viti mlangoni. Picha za chumba nilizotumiwa kwenye simu zilikuwa za kweli, lakini hazikuonyesha ngazi wala ukingo. Ulizeni mambo hayo mawili kabla ya kulipa: chumba kiko ghorofa ya ngapi, na ukingo wa ngazi una urefu gani. Nyumba ya ghorofa ya chini isiyo na mandhari ni bora mara kumi kwa mwenye mtoto wa miaka mitatu.

Jioni ile tukaenda Forodhani. Kila aliyekwenda Unguja atakwambia uende Forodhani, na ni kweli: bustani iko mbele ya bahari, Ngome Kongwe nyuma yako, watoto wa mji wanakimbia wanajirusha baharini kutoka ukutani, jua linazama, na meza za chakula zinapangwa huku taa zikiwashwa. Tatizo letu lilikuwa saa. Tulifika saa mbili kasoro usiku, watoto hawajala kitu tangu watapike. Mtoto mwenye njaa hawezi kuchagua, na mzazi wake hawezi kujadili bei. Kijana mmoja mchangamfu alitusimulia meza nzima, pweza, kamba, mishikaki ya samaki, muhogo, mkate wa ajemi, akijaza sahani kila nilipoitikia kwa kichwa. Aliposema shilingi elfu sabini na nane, nilidhani nimesikia vibaya. Tukalipa. Watoto walikula muhogo na vipande viwili vya mkate. Kamba na pweza vilikuwa vimekauka kwa kupashwa moto mara ya pili, na sisi wenyewe hatukuvimaliza.

Siku zilizofuata tulirudi Forodhani mara mbili na mambo yakawa tofauti kabisa. Tulikwenda saa kumi na moja na nusu, watoto wakiwa wameshakula wali nyumbani kwa mtu nitakayemtaja, na tukaenda kwa ajili ya kimoja tu. Siku moja ilikuwa ile wanayoiita pizza ya Zanzibar: donge la unga linatandazwa jembamba kama karatasi, linajazwa nyama, yai na mboga, linakunjwa mraba na kukaangwa mbele ya macho yako. Watoto walisimama wakitazama mikono ya yule mpishi kama wanavyotazama katuni. Siku nyingine juisi ya miwa, inayokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi. Tuliuliza bei ya kila kitu kabla hakijaguswa, kimoja kimoja, kwa heshima, na hakuna aliyechukia. Wauzaji wengi pale ni waungwana. Kosa la usiku wa kwanza lilikuwa la kufika na njaa.

Sasa siku ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Asubuhi niliwaamsha watoto saa kumi na mbili na nusu ili tuwahi. Tulianza na Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini. Limejengwa juu ya mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano waliosimama, na minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Ndani ya kanisa, karibu na madhabahu, duara la marumaru sakafuni linaonyesha mahali penye mti ambapo watu walichapwa. Na chini ya jengo la jirani kuna vyumba vya kushuka kwa ngazi, dari fupi, madirisha kama mpasuko, ambavyo wageni huonyeshwa kama mahali walipofungiwa watu kabla ya kuuzwa.

Nilimshusha mtoto wa miaka saba ndani ya vyumba vile. Mwongozaji alikuwa anaeleza kwa kundi la watu wazima, na alieleza kama inavyopasa watu wazima waelezwe. Mwanangu alinishika mkono. Akaniuliza, "Mama, na watoto walifungwa humu?" Nikamjibu ndiyo. Akauliza, "Wa miaka saba?" Na mimi, mwalimu niliyefundisha mada hiyo mwaka baada ya mwaka, sikuwa na neno. Nikasema, "Twende nje, baba." Tukatoka, na badala ya kuketi naye nikatazama karatasi yangu, nikaona muda umekwenda, nikasema haya, sasa Darajani.

Darajani ni soko la mwaka 1904, na saa nne asubuhi ni zuri na ni gumu: samaki wanapigwa mnada, damu ya nyama chini, watu wanasukumana na mikokoteni. Binti alilia kwa harufu. Mkubwa hakusema kitu, na mimi nilifikiri amechoka tu. Tukaingia vichochoroni kutafuta Hamamni, yale mabafu aliyojenga Barghash, tukapotea, na hapo ndipo tulipofikia pale nilipoanzia.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja aliyekuwa ameketi barazani kwake, mlango wazi nyuma yake, anachagua mchele kwenye ungo. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Jua hili mwatoka na watoto, mwende wapi?"

Nikamwambia tunatafuta Hamamni.

"Hamamni hapakimbii. Ingia ndani, watoto wanywe maji."

Mume wangu alibaki barazani, mimi na watoto tukaingia. Ndani mlikuwa na baridi kama chini ya mwembe. Aliwapa maji, kisha boflo, yaani mkate, na maharage ya nazi yaliyobaki asubuhi. Binti alilala mkekani kabla hajamaliza kipande cha pili. Bibi alimtazama, akasema, "Mji huu mchana watu hulala, mwanangu. Mlaze mtoto, umtoe jua likipoa. Asubuhi kitu kimoja, jioni kitu kimoja. Kwani mmekuja kuumaliza?"

Tulikaa kwake mpaka saa tisa. Nilipotaka kumpa pesa alinikatalia kwa namna ambayo ningejisikia vibaya kurudia. Mume wangu aliona taa ya jikoni inakatakata, akaomba ruhusa, akaitengeneza. Tangu siku hiyo hadi tunaondoka, chakula cha mchana tulikula kwake: mimi nilinunua samaki na mchele Darajani asubuhi, yeye na binti yake wakapika, nami nikakuna nazi. Sisemi kwamba kila msafiri atampata bibi kama huyo. Nasema tu kwamba ukiwaamkia watu vizuri na usipite kama unayekimbizwa, mji ule una watu wengi wa barazani.

Usiku wa siku hiyo, nilipozima taa, mkubwa alikaa kitandani. Aliuliza kama mlango wetu unafunguka kutoka ndani. Baba yake akaamka, akamwonyesha kitasa. Akaomba mlango uachwe wazi. Kwa sababu ya ngazi hatukuweza, na tukakaa na taa inawaka mpaka saa saba usiku, mtoto akilia bila sauti. Hapo nilielewa kuwa swali alilouliza kule chini lilikuwa bado linamsubiri jibu.

Asubuhi hatukuwahi kutoka. Niliketi naye kitandani nikamsimulia kama nilivyopaswa kumsimulia kabla: kwamba wengi walitekwa pande za Ziwa Nyasa wakapitishwa Kilwa, wengine wakatoka bara kwa njia ya Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, na kwamba njia hiyo ya misafara ilipita kwetu, Morogoro.

"Walipita kwetu?"

"Walipita kwetu."

"Na kuna watu waliotoroka?"

"Wapo waliotoroka. Na soko lilifungwa, miaka mia moja na hamsini iliyopita, na hakuna mtu yeyote anayefungwa pale leo."

Alifikiri sana. Kisha akasema anataka kwenda kuona kama kweli pamefungwa. Tulirudi Mkunazini asubuhi hiyohiyo, tukaketi kivulini nje ya kanisa bila kushuka popote. Ndani nilimwonyesha kitu ambacho jana tulikipita mbio: kuna nguzo ambazo husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini, miguu juu, wakati Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, hayupo. Alizunguka akizitafuta kwa umakini mkubwa. Usiku ule alilala.

Ushauri wangu hapa nauandika nikiwa na uhakika nao kuliko mwingine wote. Mpelekeni mtoto Mkunazini, ni haki yake. Lakini mtoto wa chini ya miaka kumi aanze kusikia habari nyumbani, kwa sauti ya mzazi wake, kabla ya kuona. Mwonyesheni sanamu kutoka juu, vyumba vya chini viacheni mpaka akue. Pangeni siku hiyo isiwe na kitu kingine. Na akiuliza swali, muketi hapohapo mlijibu.

Karatasi ya sehemu kumi na moja niliipa binti achore nyuma yake. Saa zilizobaki za siku hiyo ya tatu tulifanya jambo moja tu: milango.

Kama una watoto wadogo, milango ya Mji Mkongwe inawatosha kwa siku nzima na haina kiingilio. Nilimfundisha mkubwa aina mbili. Mlango ulionyooka juu, mraba, wenye nakshi nzito kwenye kizingiti cha juu, huo huitwa wa Kiarabu. Wenye upinde juu, huo huitwa wa Kihindi. Misumari mikubwa ya shaba iliyochomoza inasimuliwa kuwa asili yake ni India, ambako iliwazuia tembo wasisukume milango. Unguja ikabaki kuwa pambo. Kwenye fremu za milango mingi kuna mnyororo uliochongwa kuzunguka, na mahali pengine samaki au maua. Mkubwa alikuwa anahesabu misumari, mdogo anaigusa mmoja mmoja kwa kiganja. Kimo cha mtoto wa miaka mitatu kinamfikisha sawasawa kwenye safu ya chini. Tulitembea labda mita mia tatu kwa saa mbili. Watu walitufungulia, wakatueleza nyumba zao, mzee mmoja wa Sokomuhogo akamwita mwanangu amwonyeshe samaki aliyejificha kwenye nakshi za mlango wake. Nilijifunza mengi kuliko kwenye kitabu nilichobeba.

Kupotea nako kulikoma kututisha. Mji huo una bahari pande zake nyingi na upande wa mashariki una barabara ya Darajani, kwa hiyo ukishika njia moja ukanyooka utatokea tu, ama baharini ama Darajani. Tulikataa waongozaji wa njiani, wale wanaoitwa mapapasi, kwa maneno mawili tu ya upole, "Ahsante, tunakwenda kwa jamaa," na hawakutufuata.

Jioni tuliwaachia watoto wakimbie kwenye ua wa Ngome Kongwe, ile ngome waliyoijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Kwa watoto ni uwanja wenye kuta ndefu na nyasi, na mzazi anaona kila kona. Jirani yake, Beit al-Ajaib, jumba la Barghash la mwaka 1883, tulilitazama kutoka nje tu; sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Nilikuwa nimewaahidi watoto kuingia ndani kabla sijauliza. Ulizeni kwanza kilicho wazi, ndipo muahidi.

Kuhusu chakula cha watoto nieleze kidogo, maana nilikuwa na hofu kubwa na nusu yake haikuwa na sababu. Urojo ni mtamu lakini una ukali wake na pilipili: agizeni chatne na pilipili pembeni, mtoto apewe viazi, kachori na bhajia kwenye mchuzi wa embe peke yake. Boko boko, ngano iliyopikwa na nyama mpaka ikalainika, ndicho chakula kilichomfaa mdogo kuliko vyote. Hakina pilipili na kinashiba. Mkate wa kumimina wanaupenda, ni wa mchele na nazi. Vitumbua vya asubuhi, vya moto, kutoka kwa mama anayekaanga mbele yako. Samaki wa kupaka muuondoe miiba nyie wenyewe. Wakati wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana na haifai kula mbele za watu, hata watoto ni vyema wale ndani. Mwenye watoto wadogo aangalie kalenda kabla ya kukata tiketi. Na mavazi: mimi nilivaa gauni refu na mtandio begani, na naamini salamu nyingi nilizopata zilitokana na hilo.

Lakini ile siku nzuri ya milango ilikuwa na bei yake. Binti aligusa kila msumari, kila kizingiti, kisha akala kachori kwa mkono uleule. Mimi nilikuwa na maji ya kunywa na sikuwa na sabuni. Alfajiri ya siku ya nne aliharisha mara nne kabla ya jua kuchomoza. Mume wangu alikimbilia duka la dawa, tukapata pakiti za ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki, vyote vikiwa chini ya shilingi elfu kumi na tano. Tuliambiwa tumpe kidogo kidogo kwa kijiko, kila baada ya choo, na tumpeleke Hospitali ya Mnazi Mmoja mara moja tukiona damu, au akishindwa kunywa, au macho yakiingia ndani. Nilikaa naye siku nzima nikihesabu vijiko. Bibi wa Kiponda alituletea uji wa mchele na dafu, akakaa mpaka adhuhuri akimpepea. Jioni alianza kuomba chakula, nikalia pale pale. ORS na sabuni ndogo ya maji viwe mkobani tangu nyumbani, visitafutwe gizani katika mji wa ugenini.

Baba na mkubwa walikwenda kisiwa cha Changuu bila sisi. Boti ndogo huondokea ufukweni, unapandia ndani ya maji yanayofika magotini, na mwendo ni kama nusu saa. Boti ya kwanza haikuwa na jaketi la kuokolea la ukubwa wa mtoto. Nahodha alisema amfunge la mtu mzima kwa kamba. Mume wangu alirudi ufukweni na mtoto. Boti ya tatu aliyouliza ndiyo iliyokuwa nalo, wakachangia na familia nyingine, akalipa elfu thelathini na tano kwenda na kurudi. Uliza jaketi kabla ya kuuliza bei. Kisiwani kuna jengo la gereza la mwaka 1893 ambalo lilikuja kutumika zaidi kama karantini ya wagonjwa, na kuna kobe wakubwa ambao asili yao ni Aldabra, Ushelisheli. Wa kwanza waliletwa kama zawadi mwaka 1919. Umri wao umeandikwa kwa rangi mgongoni. Mwanangu alimlisha majani kobe aliyezidi umri wa bibi yake mara mbili, akarudi anatembea polepole na shingo mbele kumwonyesha mdogo wake kitandani. Mdogo alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Hesabu ya mwisho ilikuwa shilingi milioni moja na laki moja na themanini, zaidi ya laki mbili juu ya tulichopanga. Nauli za treni na boti zilichukua kama laki tatu, malazi laki tatu na ishirini, chakula laki tatu na kidogo. Lililobaki ni viingilio, Changuu, dawa, na makosa: mchukuzi, sahani ya Forodhani, teksi tuliyopanda siku ya pili kurudi mwendo wa dakika kumi kwa sababu hatukujua tulipo. Mwanzo wa mwezi ule wa Julai ulikuwa mgumu nyumbani, sitaficha.

Tuliondoka kwa boti ya asubuhi. Kurudi ndiko kubaya wakati wa kusi, maana unakwenda ukielekea upepo, lakini safari hii tulikaa chini, nyuma, watoto wamekula boflo kavu na kunyonya tangawizi aliyotufungia bibi kwenye kitambaa. Mdogo alilala mapajani kwa baba yake. Mkubwa alichukua ile karatasi yangu, sehemu iliyobaki wazi, akaanza kuchora mlango. Tulipofika katikati ya mkondo akaniuliza kama misumari ilikuwa safu saba au nane kwa ule wa mzee wa samaki. Nikamwambia saba. Akatikisa kichwa, akasema ni nane, alihesabu mara mbili.